Shauri la Ndani Lisipelekwe Sokoni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kutokana na nafsi moja, akatuwekea katika ndoa utulivu, mapenzi na huruma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa mume mwema kwa miaka 15 kabla ya kupewa utume, na ziwafikie watu wa nyumba yake na masahaba zake wote.

Enyi vijana mliooana mwaka huu, mwaka jana na juzi! Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninakuusieni ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Kumcha msikitini ni kwepesi, kwa sababu safu nzima inakutazama. Mcheni pale ambapo hapana safu: chumbani mwenu, saa nne ya usiku, taa imezimwa, mmelala wawili mmepeana migongo, na kila mmoja uso wake unamulikwa na simu yake.

Nataka nikukumbusheni habari za mama mmoja wa Madina. Aliitwa Khawla binti Thaalaba. Mumewe, Aws bin Samit, alikuwa mtu mzima mwenye hasira za karibu, na siku moja katika ghadhabu zake alimfananisha mkewe na mgongo wa mama yake mzazi. Kwa Waarabu wa kabla ya Uislamu neno hilo lilikuwa kifungo kibaya: mke haguswi tena, wala hayuko huru kuolewa na mwingine. Khawla alikuwa amemzalia mtu huyo watoto, na ujana wake wote ameumalizia katika nyumba ile. Hasira zilipompoa, mume akamrudia kana kwamba hakusema kitu. Khawla akakataa mpaka ipatikane hukumu.

Akatoka. Njiani kulikuwa na majirani, na soko la Madina lilikuwa na masikio. Akayapita yote, akaenda moja kwa moja kwa Mtume (S.A.W.). Akamweleza, akajadiliana naye, akarudia tena na tena, huku akimshitakia Mola wake. Bi Aisha (R.A.) alikuwa pembeni katika chumba hicho hicho, na amesimulia kwamba baadhi ya maneno ya mama yule hayakumfikia sikioni. Mwenyezi Mungu aliyasikia yote kutoka juu ya mbingu saba, na zikashuka aya za mwanzo za Suratul-Mujadila, sura ya 58. Hukumu ikawa nzito kwa mwenye ulimi mwepesi: amwache huru mtumwa, asipopata, afunge miezi 2 mfululizo, asipoweza, alishe maskini 60. Ndipo amrudie mkewe.

Tazameni aliyoyafanya mama huyu. Hakunyamaza akafa na donge moyoni. Hakulitandaza shauri lake kwa watu wasioweza kulitibu. Alilichukua likiwa zima, akalipeleka mahali penye dawa, na kwa sababu hiyo nyumba yake ikapona. Neno langu kwenu leo ni hilo moja: nyumba changa haiangushwi na ugomvi, maana hakuna nyumba isiyo na ugomvi. Inaangushwa na ugomvi uliopelekwa pasipo pake.

Na soko la zama zetu, enyi ndugu zangu, liko wapi? Liko kiganjani mwenu. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, na wengi wenu mlikuwa bado mnavaa sare za shule ya msingi. Mmekua nayo, mmeposana nayo, mmepanga harusi zenu ndani yake. Sasa inaishi nanyi ndani, na watu wote waliomo humo wanaishi nanyi ndani pia.

Chukueni mfano wa kila siku. Mke na mume wa Kisauni wanakorofishana asubuhi kwa jambo dogo: pesa ya matumizi imechelewa, au mume ameondoka bila kuaga. Mke anaandika fumbo kwenye status yake, halitaji jina la mtu lakini kila anayemjua anaelewa. Baada ya nusu saa shoga mmoja ameuliza kulikoni, wa pili amesema alijua tangu mwanzo kwamba mwanamume yule si mtu, na wa tatu amelipiga picha fumbo hilo akalirusha kwenye kundi la akina wifi. Mume analisoma akiwa kazini, naye anajibu kwa fumbo lake. Jioni wanaonana, wanacheka, wanasameheana, wanakula pamoja. Yameisha kwao wawili. Kwa mama mkwe hayajaisha. Kwa wifi hayajaisha. Kwa yule shoga ndiyo kwanza yameanza, na mwaka mzima atakuwa akiuliza kwa sauti ya huruma kama yule bwana ameacha tabia yake.

Hapo ndipo penye msiba. Allah amewapa wanandoa wepesi wa kusameheana ambao hakuwapa watazamaji wao. Kitanda kimoja, mtoto mmoja na sahani moja huyeyusha mambo ambayo maneno hayawezi kuyayeyusha. Mtazamaji hana kitanda hicho wala sahani hiyo. Amebaki na lile neno baya uliloliandika, na atalitunza.

Qur'ani katika Suratul-Baqara, aya ya 187, imemfananisha kila mmoja kati ya mume na mke na vazi la mwenzake. Basi anayeutangaza udhaifu wa mwenziwe mbele ya watu mia tatu amejivua nguo yeye mwenyewe, na akadhani amemvua mwingine. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ametuonya kwamba miongoni mwa watu wenye daraja mbaya kabisa mbele ya Allah Siku ya Kiyama ni yule anayekutana na mkewe faraghani, kisha akaieneza siri yake. Onyo hilo lilitolewa katika mji ambao habari ilitembea kwa miguu. Leo video ya chumbani inafika Dar es Salaam, Muscat na London kabla mwenye kuirekodi hajaiweka simu chini, na haifutiki. Kaka yangu, usimrekodi mkeo. Dada yangu, usimtumie hata mumeo picha ambayo simu yake ikiibiwa utatamani ardhi ikumeze. Kuzuia ni kwepesi, kufuta hakuwezekani.

Wengine mtasema: sisi hatugombani hadharani, sisi tunaweka mapenzi yetu tu, maua, keki, chakula cha jioni ufukweni. Nami nawauliza: mnamwonyesha nani? Yupo dada anayeiangalia picha hiyo huku mumewe amerudi na shilingi elfu nne na kilo moja ya sembe. Mwaka jana alizipokea kwa shukrani. Leo anaziona ni dharau. Mola wetu katika Surat Taha, aya ya 131, amemkataza Mtume wake kuyakodolea macho mapambo waliyostareheshwa watu wengine, na Mtume akatufundisha katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu ili tusiidharau neema tuliyo nayo. Simu imetugeuza shingo. Kutwa tunawatazama walio juu, tena saa zao nzuri tu, wamesimama penye mwanga mzuri, kisha tunamlinganisha nao mtu anayekoroma pembeni yetu.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana nafika mahali panapouma. Wapo kati yenu wanaopekua. Mume akiingia kuoga, mke ana dakika tano za kufungua simu. Mke akilala, mume anakichukua kidole chake taratibu akakibandike kwenye kioo. Mtu anakesha akitazama ni saa ngapi mwenziwe alionekana mtandaoni, na kwa nini tiki zimekuwa za bluu na jibu halikuja. Nyumba hiyo haina usingizi, na ndoa isiyo na usingizi haichukui muda kuugua.

Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana na upelelezi katika amri moja. Na Mtume (S.A.W.) amemkataza mtu aliyekuwa safarini asiwavamie watu wa nyumba yake usiku kwa ghafla akitaka kuwafumania au kuwatafutia makosa, hayo yamo katika Sahihi Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.). Fikirini: nyumba ni yake, mke ni wake, mlango ni wake, na bado haruhusiwi kuingia kama mwizi wa makosa. Itakuwaje kwa anayeingia kila usiku kupitia simu ya mwenziwe?

Lakini nawe unayepekuliwa, usishangilie mapema. Simu yako inalala kifudifudi kwa nini? Ikilia unatoka nje kwa nini? Kuna mtu umemhifadhi kwa jina la fundi bomba na anakuandikia usiku wa manane. Mtume ametuonya kuhusu mwanamume na mwanamke wa kando kukaa faragha, kwamba watatu wao huwa ni Shetani. Usijidanganye kwamba faragha ni kuta nne na kitasa. Mazungumzo ambayo usingependa mkeo ayasome, na yanaendelea usiku kati yako na mwanamke usiyemuoa, ni faragha, na yule wa tatu yumo ndani yake. Anza kwa kuyakata leo. Usimwombe mkeo akuamini huku umebeba mfukoni sababu ya kutoaminiwa.

Na ikitokea kosa limeonekana, rejeeni nyumba ya Mtume wenu. Suratut-Tahrim inatueleza kwamba siri aliyompa mmoja wa wake zake ilitoka nje. Alipomkabili, alimtajia sehemu ya jambo na sehemu akaiacha. Hakuyamwaga yote. Hakumkalisha mkewe usiku kucha akimsomea ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mwanamume ambaye Allah mwenyewe alimjulisha alichagua kuacha mengine bila kuyataja, ili mkewe abaki na uso wa kumtazamia.

Enyi waume vijana, nina neno lenu peke yenu. Abu Dardaa (R.A.) alikuwa mtu wa ibada. Mchana anafunga, usiku anasimama. Ndugu yake Salman Mfarsi akamtembelea, akamkuta Ummu Dardaa hajajipamba, amejiachia. Alipouliza, akaambiwa kwamba nduguye hana haja na dunia hii. Salman akalala pale siku hiyo. Akamfanya mwenyeji wake afungue saumu ya sunna wale pamoja, akamzuia kuamka mapema usiku, na akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.), akasema Salman amesema kweli. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari.

Jamani! Ikiwa swala za usiku hazikumpa Abu Dardaa ruhusa ya kumsahau mkewe, mechi za Ulaya na video fupi fupi zisizo na mwisho zitakupaje wewe? Mtume wa Allah, mwenye umma mabegani, alishindana mbio na Bi Aisha. Alimsitiri kwa shuka yake huku mkewe akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, na hakuondoka mpaka alipochoka mwenyewe Bi Aisha. Alisimama akimngoja. Wewe mkeo anakusimulia kilichompata hospitalini alikompeleka mtoto, nawe unaitikia "ehe, ehe" na kidole kinapandisha video nyingine. Anajua kwamba humsikii. Atakusimulia mara ya pili na ya tatu, na ya nne atamtafuta wa kumsikiliza. Ukimkuta mtu huyo ndani ya simu yake, usijifanye hukujua alivyoingia.

Na pesa zenu zinakwenda wapi? Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, pesa zimehamia simuni, na kamari imezifuata huko huko. Zamani mcheza kamari aliondoka nyumbani, mkewe akajua. Leo anabeti akiwa amempakata mtoto. Mkeka ukichanika anakopa kwa simu, na mkopo ukikawia wenye kukopesha wanawapigia wakwe zake na bosi wake kumwaibisha. Aibu hiyo ilienea mpaka Benki Kuu ya Kenya, katika kanuni zake za mwaka 2022 za wakopeshaji wa mtandaoni, ikawakataza kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mdeni. Qur'ani ilitangulia: Suratul-Maida, aya ya 91, imesema wazi kwamba kwa pombe na kamari Shetani anataka kutia uadui na chuki baina ya watu. Uadui wa kwanza anautia chumbani, mke anapogundua kwamba ada ya mtoto ilichezewa Jumamosi. Anayebeti na afute programu hiyo usiku huu, kisha amwambie mkewe deni ni kiasi gani. Riba na kamari vikifichwa huzaa uongo, na uongo huua ndoa kabla ya njaa.

Nije kwenye ulimi wa kidole. Zamani mwanamume aliyetaka kuacha alitafuta karatasi, kalamu, na mara nyingi mashahidi. Alipomaliza kuvikusanya, hasira ilikuwa imepungua nusu. Leo talaka inaandikwa ndani ya daladala kwa herufi sita na kutumwa. Maulamaa wengi wamesema talaka ya maandishi iliyokusudiwa hupita. Basi ujue kidole chako kina uwezo gani! Mola wetu ameipa talaka wakati wake na hesabu yake. Katika Suratut-Talaq, aya ya kwanza, ameamuru eda ihesabiwe na mke asitolewe katika nyumba yake, kwa matumaini kwamba huenda Allah akaleta jambo jingine baada ya hapo. Utaratibu wote umejaa nafasi za kurudi. Wewe unazifunga zote kwa ujumbe mmoja, kisha saa saba ya usiku unamtafuta sheikh akutafutie mlango. Ukighadhibika, iweke simu mbali na mkono wako. Tia udhu. Kaa ikiwa umesimama. Yaliyo mazito yasemwe uso kwa uso, mchana, baada ya kula.

Naye mke asiitumie simu kuomba talaka kila akikasirika. Neno "niache" likiandikwa mara ishirini, siku moja litajibiwa.

Wako kati yenu waliotenganishwa na bahari. Mke yuko Jeddah au Doha akifanya kazi za nyumbani, mume yuko Ngamiani na watoto. Au mume yuko Muscat, mke yuko Wete. Hapa simu ni neema, nami naitaja kwa kuishukuru. Mama zetu walingoja barua miezi mingi. Ninyi mnaonana nyuso. Muscat imetutangulia saa moja tu, na saa ya Jeddah ni hii hii yetu, kwa hivyo hapana udhuru wa kutopatikana. Wekeni saa yenu ya kila siku, ijulikane, iheshimiwe. Zungumzeni habari za watoto, swala, afya, na mapenzi pia. Pesa isiwe salamu yenu pekee. Aliyetumiwa pesa aseme ukweli zimefanya nini. Aliye ughaibuni aseme ukweli juu ya mshahara wake.

Lakini simu haina mikono. Umar bin Khattab (R.A.), akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke ambaye mumewe yuko vitani akilalamikia upweke. Akamwuliza bintiye Hafsa, mke aweza kumvumilia mumewe aliye mbali kwa muda gani? Riwaya zinatofautiana, nyingine zinataja miezi 4, nyingine 6. Kisha akaamuru askari asizuiliwe zaidi ya muda huo. Khalifa alivirudisha nyuma vita kwa ajili ya haki ya kitanda! Wewe unaongeza mkataba wa pili na wa tatu, umemwuliza mwenzio? Umekubaliana naye lini utarudi? Msiende mbali bila mapatano, na mapatano hayo yafanyeni mbele ya watu wanaowatakia heri.

Hapo narudi kwa Khawla. Aliyekwambia usilipeleke shauri sokoni hakukwambia ulizike. Suratun-Nisaa, aya ya 35, imeweka njia: msuluhishi mmoja kutoka jamaa za mume, mmoja kutoka jamaa za mke, na wakitaka suluhu, Allah atawawafikisha. Watu wetu wa pwani walikuwa na mshenga, na kazi yake haikuisha siku ya kula pilau. Nyumba aliyoijenga kwa maneno alirudi kuitazama. Bi harusi alikuwa na somo wake wa kumfunza na kumshauri. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa wasia wa dini na maisha ya ndoa. Wazazi, nawaulizeni: binti yenu leo anapokea wasia wa nani? Msipomkalisha ninyi, atakalishwa na mtu asiyemjua, anayeishi kwa kutazamwa, na ambaye ndoa ikivunjika anapata watazamaji zaidi.

Na ugomvi ukipita uwezo wa jamaa, viko vyombo. Kenya, Mahakama za Kadhi zimo katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170. Zanzibar wako makadhi. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na masheikh wa BAKWATA wamekuwa wakikaa katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Msione haya kufika huko. Khawla hakuona haya.

Hapa niseme kwa sauti ya juu kabisa: dada unayepigwa, sitara ya nyumba haikuandikwa ili ukuue. Wanawake wa Madina waliopigwa na waume zao walikwenda kwa wingi kwenye nyumba za Mtume wakashitaki, na Mtume (S.A.W.) hakuwalaumu wao; alisema waume wa namna ile si wabora. Mwambie baba yako, mwambie imamu, nenda kwa kadhi, nenda kituo cha polisi. Tanzania vituo vingi vina dawati la jinsia na watoto. Kusema mahali penye msaada ni njia ya Khawla. Na anayekwambia uvumilie tu huku unavuja damu hakufuata sunna.

Enyi maimamu na masheikh, nasi tunalo deni. Tunawafungisha ndoa vijana kwa dakika ishirini, tunakula, tunaondoka. Malaysia, kijana Mwislamu hafungishwi ndoa mpaka ahudhurie mafunzo na kupewa cheti. Sisi tuna msikiti kila mtaa na madrasa kila uchochoro. Tunashindwa nini kuwakalisha wachumba Jumamosi nne? Wafundishwe haki na wajibu, talaka na eda, mikopo na riba, na namna ya kuishi na simu. Kijana anayejua nguzo za swala na hajui masharti ya talaka tumempa upanga bila ala.

Sasa ninyi wawili mnaousoma waraka huu, mmoja amsomee mwenziwe, kisha mwekeane ahadi. Simu zenu zisilale chumbani. Sahani ikitengwa, simu zikae mbali. Hapana atakayeandika habari za mwenziwe, nzuri ya faraghani wala mbaya. Kila mmoja aichunge simu yake ili mwenziwe asione haja ya kuipekua. Na leo hii, mkiwa mmepatana, tajeni majina ya wasuluhishi wenu wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, wenye dini na kifua. Ugomvi ukija hamtaanza kutafuta. Mtajua mlango wa kugonga.

Fanyeni haraka, kwa sababu adui yenu halali. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Iblis huweka kiti chake cha enzi juu ya maji, kisha huyatuma majeshi yake. Hurudi mmoja mmoja wakimweleza waliyoyafanya, naye huwaona hawakufanya kitu. Mpaka aje yule asemaye kwamba hakumwachia mtu fulani mpaka alipomtenganisha na mkewe. Huyo ndiye Iblis humsogeza karibu na kumsifu. Kwa hivyo, mume anayeiweka simu chini na kumgeukia mkewe usiku huu amemrudisha askari wa Iblis mikono mitupu. Mke anayelifuta fumbo kabla ya kulirusha amemvunja mwingine. Msiidharau vita hii kwa sababu inapiganwa kitandani. Umma wote unatoka humo.

Ewe Mola wetu, wewe uliyemsikia Khawla pale ambapo aliyekuwa chumba kimoja naye hakumsikia, zisikilize nyumba za vijana wetu. Wafumbe macho yao yasitazame ulichoharamisha, na uwafumbue waonane wao kwa wao. Zizuie ndimi zao na vidole vyao saa ya ghadhabu. Walio mbalimbali wakutanishe, wenye madeni wafungulie riziki ya halali, waliodhulumiwa wape wa kuwatetea, na waliopotea katika siri zao wape ujasiri wa kutubu kabla hujawafichua. Watoto watakaolelewa katika nyumba hizi wafanye wakumbuke kwamba wazazi wao walizungumza, walisikilizana na walisameheana. Amin, ewe Mola wa viumbe vyote.